"Pronostic Réservé": Mkalimani Mbele ya Saratani

Nilizaliwa Kashebere, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanza. Watu wa kwetu huzungumza Kihunde au Kinyanga nyumbani, Kiswahili sokoni na njiani, na Kifaransa hukutana nacho kwenye karatasi. Kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza sekondari, karatasi zote ziliniangukia mimi: barua za shule, hati za mashamba, na hatimaye bahasha za hospitali. Ndivyo nilivyojikuta mkalimani wa mama mkubwa, dada wa mama yangu, siku alipoelezwa ugonjwa wake mjini Goma mwaka 2018.

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Damu ilikuwa imemtoka karibu mwaka mzima naye alilifunika jambo hilo kwa aibu, hadi miguu ilipoanza kuvimba. Daktari alikuwa mtu wa Kinshasa. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Alieleza mengi niliyoyafuata vizuri, kwamba ugonjwa umeshafika kwenye ukuta wa nyonga, kwamba tiba yake ni mionzi, na kwamba mionzi kwa wakati huo tungeifuata Kampala. Kisha akafunga faili, akaniangalia mimi badala ya mgonjwa, akasema: "Le pronostic est réservé."

Nilikuwa na miaka 19. Neno *pronostic* nililijua kwa kubahatisha matokeo ya mpira. Neno *réserver* nililijua vizuri zaidi: kuweka kando, kuweka akiba, kama mtu anavyoshika nafasi kwenye gari kabla halijajaa. Nikaunganisha. Nikamwambia: "Mama, anasema matumaini iko, wameiweka akiba."

Mama mkubwa akatabasamu. Akauliza swali moja tu: "Sasa nirudie nyumbani nivune maharagi, ao ningojee hapa?" Swali hilo sikumfikishia daktari. Nililijibu mwenyewe: "Ungojee." Wiki nane baadaye figo zake zilisimama, tukiwa bado tunakusanya fedha za Kampala. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa na mapigano, akazikwa Goma.

Katika Kifaransa cha madaktari, *réservé* haina akiba yoyote. Kinachowekwa kando ni hukumu ya daktari mwenyewe: haoni jema la kuahidi, na anachelea kusema zaidi. Nililijua hilo nikiwa mwaka wa pili katika kitivo hiki, kwenye zoezi la tafsiri kuhusu taarifa ya habari ya mwanasiasa aliyejeruhiwa. Ndugu yake msemo huo ni *pronostic vital engagé*, ambao redio za Kifaransa huutumia kila wiki: mwanafunzi huusoma kama "uhai umeajiriwa" au "umeahidiwa", kumbe maana yake ni kwamba mtu anaweza kufa wakati wowote.

Ningeweza kuishia hapo na kuliita jambo hili kosa la msamiati. Lakini tangu siku ya zoezi lile nimekuwa nikisoma juu ya saratani kila nilipopata nafasi, na nimefika mahali pa kuamini kwamba hata ningelijua neno, nisingelijua kinachosemwa. Tafsiri hufuata uelewa. Mkalimani asiyeelewa pronostiki ni kitu cha namna gani ataikosea hata akiwa na kamusi mkononi.

Tuanze na majina. Neno lenyewe ni la Kigiriki, lenye maana ya kujua kabla, na Hippocrates ana kitabu kizima juu yake. Utambuzi wa ugonjwa humpa mgonjwa jina la kinachomsumbua. Pronostiki husema yanayofuata kwa kawaida. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo, na kila moja lina mzigo wake. *Utabiri* umeshikwa na hali ya hewa kwa upande mmoja na manabii kwa upande mwingine. *Ubashiri* umebeba katika mzizi wake wa Kiarabu habari njema, ile ile ya *bishara*, na siku hizi umetekwa na michezo ya kamari. Sitaki kumwambia mtu mwenye saratani ya kongosho kwamba nimemletea ubashiri. *Kutazamia* kunanusa bao na ramli. *Matarajio* ni laini mno, yanaegemea upande wa kutamani. Katika maandishi mimi hutumia "mwenendo unaotarajiwa wa ugonjwa", kirefu kama kilivyo. Kwa mdomo, nimeacha kutafuta nomino kabisa.

Sababu ni ya kisarufi, na ndiyo iliyonifanya niandike haya katika jarida la lugha badala ya la tiba. Mgonjwa huuliza kwa *-ta-*: "Nitapona?" Daktari hana *-ta-* ya kumpa. Alicho nacho ni kumbukumbu za watu wengi waliotangulia, nazo kwa Kiswahili sanifu hutamkwa kwa *hu-*: "Wagonjwa wa aina hii, ugonjwa ukifika hapa, wakipata tiba hii, wengi hupona," au "wachache huvuka mwaka." Pronostiki inaishi katika *hu-*. Ni sentensi juu ya kundi, nayo haina jina la mtu ndani yake. Nomino ya Kifaransa huficha kundi hilo: *le pronostic* hukaa peke yake kama kitu kilichomo mwilini mwa mgonjwa, karibu na uvimbe. Mkalimani akiigeuza kuwa "utapona" au "hutapona" amemtungia daktari unabii ambao hakuutoa.

Katika Kiswahili cha Kivu hatuna mazoea ya *hu-*. Tuna kiambishi *-ak-* kinachokaa mwishoni mwa kitenzi: *wanaponaka*, *wanakufaka*, *wanafikaka*. Walimu wangu wa shule ya msingi walikifuta kwa kalamu nyekundu. Chumbani kwa daktari ndicho hasa kilichohitajika. Mama mkubwa angeielewa *wanaponaka* bila kuelezwa, kwa sababu alikitumia kila siku kusemea mvua, mihogo na watoto wa jirani.

Sasa kundi lenyewe ni lipi? Hapa jina *saratani* linatupotosha. Limetoka Kiarabu na maana yake ni kaa, mdudu wa pwani, sawa na Kigiriki *karkinos* na Kilatini *cancer*. Kongo tunasema *kanseri*, kutoka Kifaransa. Jina moja, mnyama mmoja, ndiyo maana watu wa kwetu wakisikia kanseri husikia kifo kimoja. Kumbe ni magonjwa zaidi ya 100, na yanatofautiana katika mwenendo kama kichaa cha mbwa kinavyotofautiana na mafua.

Takwimu za Marekani zinaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Hupimwa kwa kuuliza ni wagonjwa wangapi walio hai miaka 5 baada ya kutambuliwa, wakilinganishwa na watu wa umri wao wasio na ugonjwa. Saratani ya tezi ya shingo: karibu 98 kati ya 100. Ya tezi dume: karibu hivyo hivyo. Ya ini: kama 22. Ya kongosho: kama 13. Mtu akiniambia "ana kanseri" na asiseme ya nini, amenipa habari iliyo sawa na kusema "amesafiri".

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba ugonjwa unaokua haraka ndio mbaya kuliko yote. Mfano bora wa kulikanusha umetoka Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mwairishi aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi anayemwona mtoto akibadilika sura kati ya Jumapili mbili hukata tamaa, na nani atamlaumu? Lakini seli zinazogawanyika kwa kasi hiyo ndizo hizo dawa za kemikali huziua kwa urahisi. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Kampala waliona watoto wakipona kwa siklofosfamidi. Leo katika nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt hupona. Kwetu hupona wachache zaidi, kwa sababu hufika wamedhoofika, au kozi ya dawa hukatika katikati nauli inapokwisha.

Sarkoma ya Kaposi nayo ni funzo la aina yake. Uganda na mashariki ya Kongo ziliijua kabla ya UKIMWI kujulikana: mabaka na vinundu vya miguuni, hasa kwa wanaume wa makamo na wazee, vikienda polepole kwa miaka. Kisha ikaja ile inayofuatana na Virusi vya UKIMWI, inayoenea kwa kasi hadi mapafuni na tumboni. Jina moja, uvimbe ule ule kwenye darubini, mienendo miwili. Na hiyo ya pili ikabadilika tena dawa za kupunguza makali zilipopatikana, maana kinga ya mwili ikirudi, mabaka mengi hupungua.

Leukemia sugu ya mieloidi ndiyo inayonishangaza zaidi. Kwa vizazi vizima ilikuwa hukumu ya miaka michache. Mwaka 2001 kidonge cha imatinibu kiliidhinishwa Marekani, na sasa wengi wanaokimeza kila siku huishi karibu sawa na wenzao wasio na ugonjwa. Kitabu cha tiba cha mwaka 1990 hakikukosea kilipoandika pronostiki mbaya. Kilikuwa kinasema juu ya kundi jingine, lisilo na kidonge.

Ini na umio nitayapita haraka, si kwa sababu ni madogo; yote mawili yanaua watu wengi katika ukanda wetu. Yana sifa moja ya kufanana: hukaa kimya hadi yamekuwa makubwa. Mtu mwenye saratani ya umio huja pale ugali unapokwama kooni, na kufikia hapo njia imekwisha kuziba.

Hilo linatuleta kwenye hatua. Ndani ya saratani moja, swali la umefika wapi huweza kuwa na uzito kuliko swali la ni ya nini. Saratani ya matiti iliyo bado ndani ya titi, kwa takwimu hizo hizo za Marekani, huwaacha hai kwa miaka 5 wanawake zaidi ya 99 kati ya 100. Ikiwa imesafiri hadi kwenye mifupa au ini, kama 3 kati ya 10. Ya mlango wa kizazi, ugonjwa wa mama mkubwa: karibu 91 kati ya 100 ikiwa haijatoka mahali pake, kama 60 ikiwa imeingia maeneo ya jirani, chini ya 20 ikiwa imefika mbali. Yeye alikuwa katika kundi la kati. Nilipoziona namba hizi kwa mara ya kwanza nilizisoma mara tatu. Kama 60! Hiyo si hali ya kukata tamaa.

Lakini 60 hiyo ni ya wanawake wa Marekani, na kipande cha sentensi kinachosahaulika kuliko vyote ni "wakipata tiba hii". Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa, na zaidi ya mwaka ulipita kabla nyingine haijaanza kazi. Fikiria mwanamke wa Kampala aliyetambuliwa wiki moja kabla ya mashine kufa, na mwingine wiki moja baadaye. Uvimbe ule ule, hatua ile ile, umri ule ule. Pronostiki zao hazikuwa sawa, na hakuna kilichobadilika ndani ya mwili wa yeyote. Kwa mtu wa Kashebere ongeza pikipiki, matope, vizuizi vya wenye silaha, mpaka, na chumba cha kupanga Kampala kwa wiki nyingi za matibabu. Daktari wa Goma aliposema *réservé*, nadhani aliyahesabu hayo yote.

Hapa mwenzangu mmoja darasani aliniuliza: kama namba zinategemea mambo yote haya, zina faida gani? Swali zuri. Mtu aliyelijibu vizuri kuliko wengi ni Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani. Julai 1982 alitambuliwa kuwa na mesothelioma ya tumboni, akakuta katika maktaba kwamba mediani ya kuishi ni miezi 8. Mediani ni mstari wa katikati: nusu ya wagonjwa hufa kabla ya hapo, nusu baada. Watu wengi husoma "miezi 8" kama tarehe. Gould, aliyezoea takwimu, aliuliza nusu ya pili imekaaje, akaona kwamba upande wa kushoto umebanwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuishi chini ya sifuri, lakini upande wa kulia una mkia mrefu wa watu wachache wanaoendelea kwa miaka mingi. Yeye alikuwa na umri mdogo na alipata tiba nzuri, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kujiweka mkiani. Makala yake juu ya jambo hilo ilitoka 1985. Alifariki 2002, miaka 20 baada ya kutambuliwa, kwa saratani nyingine.

Mkalimani anayesema "una miezi 8" ameukata mkia huo. Anayesema "kuna mtu aliishi miaka 20" ameufanya mkia kuwa mwili mzima. Nimewahi kusikia yote mawili katika korido moja, asubuhi moja.

Kuna mtego mmoja zaidi katika namba za miaka 5. Chukua wasafiri wawili waliotoka Kashebere pamoja, na watakaoingia Goma jioni moja. Mmoja ameonekana Masisi-kati, wa pili hakuonekana mpaka Sake. Ukihesabu kuanzia walipoonekana, wa kwanza ametembea muda mrefu zaidi, ingawa wamefika saa moja. Vivyo hivyo, mgonjwa anayetambuliwa mapema anaweza kuhesabiwa kuwa ameishi muda mrefu na ugonjwa bila siku yake ya kufa kusogea hata kidogo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti kutambuliwa mapema kweli huokoa watu. Hilo limethibitishwa kwa njia nyingine. Ila namba ya miaka 5 peke yake haitoshi kulithibitisha, na ni vema anayefasiri mabango ya afya alijue hilo.

Tangu mwaka jana nimefanya ukalimani wa hiari mara kadhaa, nyingine kwa simu, kwa watu wa kwetu wanaopelekwa mbali kutibiwa. Nimejiwekea desturi ya kumrudishia daktari sentensi yake ikiwa na mapengo: wagonjwa wa ugonjwa gani, uliofika wapi, wakitibiwa vipi, na wanapokosa tiba hiyo inakuwaje? Madaktari wengine hukasirika. Wengi hutulia, wakaanza kuongea upya, mara hii wakimtazama mgonjwa. Na kabla ya kutafsiri jibu namuuliza mgonjwa kama anataka kulisikia yeye mwenyewe, au nimwite kwanza kaka yake mkubwa. Kwetu si kila mtu hutaka kulipokea neno kama hilo akiwa peke yake, na sioni kwamba kazi ya mkalimani ni kumlazimisha.

Nimeliandika mara nyingi lile jibu la mwaka 2018, kwa Kiswahili cha nyumbani, pamoja na viambishi vilivyofutwa kwa kalamu nyekundu. La sasa linasomeka hivi:

"Mama, docta anaona ugonjwa imefika mbali. Wamama wenye wako na ugonjwa kama hii, yenye imefika fasi hii, kama wanapata ile mionzi, wengine wanaponaka, wengine hawaponake. Kama hawaipate, wengi hawapitishake miaka mingi, na wengine wanaendaka mbio. Juu yako wewe mwenyewe, hajue. Njia ya Kampala ni ndefu na feza haiyatosha. Unauliza juu ya maharagi. Nimuulize?"